Msimkate Panzi

Kijana anayeingiza muvi karibu na stendi ya Buzuruga, Mwanza, alinishauri kwa nia njema kabisa. Flashi yangu ni ya GB 4, robo yake imeshikwa na nyimbo za kwaya za mke wangu ambazo sina ruhusa ya kuzigusa, na mimi nilitaka sizoni ya kwanza ya The Flash, tamthilia ya Marekani ya shujaa mwenye mbio, yote, episodi 23. Akaangalia nafasi iliyobaki, akatikisa kichwa. "Haziingii zote, kaka. Chukua tano za mwanzo na tano za mwisho. Hizi za katikati ni za kujazia tu, ukiruka hupotezi kitu."

(Habari za hakimiliki nazijua, msiniandikie. Siku sizoni nzima itakapouzwa kihalali kwa bei ya sahani moja ya wali na sato, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.)

Niliondoka pale nikiwaza kwamba huyu kijana angepata kazi Hollywood kesho asubuhi, maana ushauri wake ndio wakubwa wa televisheni kule wameufuata kwa miaka kumi hivi. Smallville, iliyomkuza Clark Kent, yule Superman, kuanzia Oktoba 2001 hadi Mei 2011, ilikuwa na episodi 20 au zaidi kila sizoni. Arrow ilipoanza mwaka 2012 ilitoa 23, na The Flash ikafuata 2014 kwa hesabu hiyo hiyo. Sababu ilikuwa biashara. Chaneli zile zinaishi kwa matangazo, msimu wao unaanza Septemba au Oktoba na kuisha Mei, na wiki isiyo na episodi mpya ni wiki ya kuuza matangazo kwa bei ya kutupa. Tena tamthilia ikifikisha episodi kama 100 inauzika kwa vituo vingine vya kuonesha marudio, na hapo ndipo penye hela nzito. Halafu Netflix ikaja na Daredevil, Aprili 2015: episodi 13, zote siku moja. Kampuni inayokula ada ya mwezi haina haja ya kukujazia wiki, inachotaka ni usijitoe tu. Kufikia 2021 na 2022 tukawa na Loki, episodi 6. Moon Knight, 6. Ms. Marvel, 6. Panga limepita katikati, na kipande kilichodondoka chini ndicho mimi nilichokuwa nikikipenda.

Sizoni ile ya The Flash niliiona mara ya kwanza Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kwenye kibanda umiza cha mabati, siku za mbalamwezi. Asiyekaa ziwani huenda hajui: dagaa huvuliwa gizani. Taa inawashwa juu ya maji, zamani karabai, sasa nyingi ni za sola, na dagaa wanaufuata mwanga hadi wavuni. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi. Wavuvi wanabaki nchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu, wanadaiwa madukani, wanacheza drafti, na usiku wanajazana kibandani. Episodi 23 za dakika arobaini na kitu ni kama saa 16. Ukiangalia saa tatu na kitu kila usiku, unamaliza sizoni ndani ya siku tano, kabla mwezi haujaanza kuchelewa. Hakuna mtu Marekani aliyepanga hivyo, lakini sizoni ndefu ilikaa kwenye mbalamwezi yetu kama mguu kwenye ndala ya siku nyingi.

Nakala yetu ilikuwa ya kutafsiriwa, na DJ aliyeitafsiri alikuwa mtu wa maneno mengi. Gari likipita tu ana la kusema. Adui akivaa koti jipya anamuuliza kanunua soko la Makoroboi kwa shilingi ngapi. Tulimzoea kama unavyomzoea konda mwenye kelele.

Kwa asiyeifahamu: Barry Allen ni kijana ambaye mama yake aliuawa yeye akiwa mtoto, baba yake mzazi, Henry, akafungwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na Barry akalelewa na askari mpelelezi aitwaye Joe West. Ukubwani anapigwa na radi na kupata mbio zisizo za kawaida. Katika episodi ya mwisho ya sizoni hiyo anapata nafasi ya kurudi nyuma kwa wakati na kumwokoa mama yake. Akifanikiwa, maisha yote aliyoishi nyumbani kwa Joe yanafutika. Anakwenda kuomba ushauri. Henry, yule anayeoza gerezani, yule ambaye angerudishiwa mke na uhuru, anamwambia usiende. Joe, yule ambaye atampoteza mtoto aliyemlea, anamwambia nenda.

Kibanda kilipasuka. Mzee mmoja wa makamo mwenye kofia ya Yanga akasimama mbele ya skrini kabisa, akaapa kwamba huyu Joe ndiye baba, yule mwingine ni mbegu tu. Akajibiwa kutoka nyuma kwamba baba ni baba hata akiwa jela, na kwamba Henry ndiye aliyetoa kikubwa zaidi. Mwenye kibanda ikabidi asimamishe muvi, jambo ambalo hulifanya tu jenereta ikiishiwa mafuta. Muvi ilipoendelea, Barry akafika usiku ule wa mauaji. Akajiona yeye mwenyewe wa miaka ya mbele, akaoneshwa kwa mkono asisogee. Akajibanza nyuma ya mlango akisikiliza mama yake anauawa. Kisha akaingia, akavua kofia yake, akamwambia yule mama anayekata roho kwamba yeye ndiye mwanawe, na kwamba yeye na baba yake wako salama.

DJ hakusema kitu. Sijui kama alisahau au aliona aibu, lakini kwa muda wote ule hakutafsiri hata neno moja, na hakuna aliyelalamika.

Sasa chukua ushauri wa Buzuruga: tano za mwanzo, tano za mwisho. Hadithi utaielewa, hilo sibishi. Utajua nani kaua na kwa nini. Ila yule mzee wa kofia ya Yanga asingesimama. Alisimama kwa sababu usiku baada ya usiku alikuwa amemwona Joe akimsubiri Barry nyumbani, akila naye, akimkemea, akimficha mambo kwa kumwogopea, akikaa naye kwenye ngazi ya mbele ya nyumba bila la maana la kusema. Mengi ya hayo yalitokea kwenye episodi ambazo adui wake ni jambazi wa wiki moja, anayekamatwa dakika ya 38 na kusahaulika kabla hujafika nyumbani. Jambazi yule ni kisingizio. Waandishi walikuwa na dakika za kujaza, wakazijaza kwa kitu cha bei nafuu kuliko vyote, watu wawili wanazungumza.

Mwaka ule ule sizoni hiyo ilipoisha, 2015, mwezi wa kumi, zilitoka episodi mbili ambazo naziweka juu ya mapigano yote niliyowahi kuyaona. Ya kwanza ni ya Agents of S.H.I.E.L.D., sizoni ya tatu, ambamo mwanasayansi Jemma Simmons amemezwa na jiwe na kutupwa kwenye sayari ya giza. Hadithi kubwa inasimamishwa, wenzake karibu wote wanawekwa kando, tunakaa naye yeye akitafuta maji, akiongea na picha ya mwenzake kwenye simu inayoisha chaji. Jina la episodi ni hesabu ya saa alizokaa kule, 4,722. Piga hesabu, ni siku 197 hivi. Ya pili ni ya Supernatural, sizoni ya 11, na yote imepigwa kutoka ndani ya gari. Ndugu wawili wawinda majini, na lile Impala lao la 1967 ambalo kwa miaka mingi lilikuwa nyumba yao pekee. Wanalala humo, wanakula humo, wanagombana humo, kichwa cha zimwi kinabebwa humo. Dereva yeyote wa lori la mizigo anayelala njiani akielekea Bukoba au Sirari angeielewa bila DJ. Tamthilia yenye episodi 6 haiwezi kuthubutu kitu kama hicho, kwa sababu ukitoa moja kwa ajili ya gari umebakiwa na tano za kuokoa dunia.

Najua nitajibiwa nini, na mwenye kunijibu atakuwa na haki. The Flash hiyo hiyo ninayoililia ilichosha. Sizoni ya kwanza adui ni mtu mwenye mbio kuliko Barry, amejificha sura, kumbe ni mtu wa karibu. Sizoni ya pili adui ni mtu mwenye mbio kuliko Barry, amejificha sura, kumbe ni mtu wa karibu. Ya tatu, sitaki hata kuimalizia sentensi. Kila mwaka dawa ni moja, kimbia zaidi. Mimi nilishuka njiani sizoni ya nne, basi lenyewe likaendelea hadi Mei 2023 na kufikisha episodi 184, likiwa limebaki na abiria wachache na konda aliyechoka. Arrow nayo ilikata karibu kila episodi katikati kuturudisha kwenye miaka ambayo steringi wake, Oliver Queen, alipotea, mara nyingi kisiwani, sizoni tano mfululizo. Kuna mahali nilijua miti ya kile kisiwa kuliko miti ya kwetu.

Kwa hiyo sisemi wingi ni ubora. Nalalamikia kwamba walipoona mafuta yamezidi kwenye nyama, wakatupa na nyama. Na mgomo wa waandishi wa Marekani wa mwaka 2023, ule wa siku 148 kuanzia Mei 2 hadi Septemba 27, ulikuwa na jambo hili ndani yake. Sizoni fupi ina maana ya wiki chache za kazi na waandishi wachache mezani. Zamani kijana alianza kwa kupewa episodi ya 14, ile ambayo hakuna mkubwa anayeitaka, akajifunzia hapo kuandika watu wanaokula chakula. Sasa ya 14 haipo.

Zipo fupi zilizofaulu, na siwezi kuzipita kimya. Daredevil ilikuwa na 13 tu, lakini episodi ya pili inaisha kwa pambano la korido, la dakika kama tatu, kamera haikatiki. Matt Murdock, mwanasheria kipofu, anaingia kumtoa mtoto aliyetekwa. Kinachofanya pambano lile kuwa la pekee ni kwamba anachoka. Anaegemea ukuta, anakosa ngumi, waliolala wanaamka tena, na mara nyingine yeye na adui wanatazamana tu wakihema. Kibandani tumezoea kwamba steringi, yule shujaa mkuu wa muvi, hafi, na asiyekufa hachoki. Kumwona steringi akihema kama mtu aliyebeba gunia la dagaa kutoka mtumbwini hadi barabarani lilikuwa jambo jipya kabisa. Watengenezaji waliacha uchovu uchukue muda wake, wakati ungeweza kukatwa.

Na ipo Merlin ya Waingereza, 2008 hadi 2012, episodi 13 kwa sizoni. Kijana mwenye uchawi mkubwa kuliko wote yuko kwenye nyumba ya mfalme anayechinja wachawi, na muda wake mwingi anafua nguo za Arthur, anang'arisha silaha zake, anasafisha zizi la farasi. Hiyo ilipendwa sana nyumbani kwa bibi yangu kule Magu, ingawa bibi alikuwa na swali ambalo aliliuliza kwa kila steringi niliyemwonesha, kuanzia Clark Kent: "Huyu anatumia dawa gani? Na nani kampa?"

Tulicheka. Nilikuwa darasani nikijifunza fizikia, nikamweleza habari za sayari na jua la manjano. Hakuridhika. Kwa bibi, mtu anayeruka usiku juu ya nyumba za watu si habari njema mpaka ithibitike vinginevyo. Merlin inaanza na mtu anayekatwa kichwa uwanjani kwa kosa la uchawi, na mama yake, kikongwe, akipiga kelele katikati ya watu. Pale bibi hakucheka na hakuuliza habari za dawa. Aliinuka akaenda jikoni. Aliishi Usukumani miaka ambayo mama wazee wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo, na hakuhitaji kutafsiriwa na mtu.

Swali lake nilikuja kulijibu miaka mingi baadaye, The Boys ilipotoka Julai 2019. Mle ndani mashujaa wote wanajulikana kwa matangazo, sura zao ziko kwenye mabango, na siri kubwa ya sizoni ya kwanza ni kwamba hawakuzaliwa na nguvu hizo. Walichomwa sindano wakiwa wachanga, na kampuni. Dawa ipo, ina jina, na aliyewapa anatengeneza faida. Bibi alijua kabla ya waandishi. The Boys ina episodi 8 tu kwa sizoni na nakiri inatosha, kwa sababu inatumia muda wake mwingi na watu wasio na nguvu zozote, wanaobaki kukusanya vipande baada ya steringi kupita. Mapema kabisa yupo kijana anayeuza vifaa vya elektroniki, amemshika mchumba wake mikono barabarani, steringi mwenye mbio anapita katikati, na kijana anabaki ameshika mikono. Mikono tu.

Watu wananiuliza kama mimi ni wa Marvel au DC, zile kampuni mbili kubwa za hadithi za mashujaa. Kwetu swali hilo ni la zamani kuliko hizo kampuni. Kuna Wagika na kuna Wagalu, vikundi viwili vya ngoma za Kisukuma, vinacheza uwanja mmoja saa ile ile, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Ukienda Bujora wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma, utaona umati ukihama kama mawimbi. Kila upande una mbinu na, wasemavyo, una dawa. Lakini angalia wanavyofanya wenye nyoka: chatu hatolewi mapema. Kuna kuimba, kuna kutaniana, kuna mzee anayejifanya ameangusha jembe, watu wanazoea sura za wachezaji, wanachagua wa kumshangilia. Halafu ndipo kikapu kinafunguliwa. Hizi tamthilia za episodi 6 zinafungua na chatu, zinaendelea na chatu, na kwenye ya sita zinaleta chatu wa kompyuta mwenye urefu wa jengo, nasi tumeshaanza kuangalia simu.

Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi 10 kutoka nchi za Afrika uliotoka 2023 ukiwa na jina la Kiswahili, una moja ya Uganda yenye wachunga ng'ombe wa siku zijazo ambayo nilitamani iwe sizoni nzima. Ni ya dakika chache tu. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumzoea kijana mwenyewe.

Bibi alikuwa na steringi wake, na nadhani ndiye aliyeniharibu. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote wa nchi na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza watu wako wapi, akaambiwa wamemezwa na Shing'weng'we. Basi akatoka kwenda kumtafuta. Siku ya kwanza akarudi na panzi. "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" "Hapana mwanangu, huyo ni panzi." Akaenda tena, akarudi na ndege. Hapana, huyo ni ndege. Akarudi na paa. Hapana. Bibi hakuruka hata mmoja, na kila usiku aliongeza mnyama mwingine kutegemea sisi tulivyokuwa macho. Tulikuwa tunapiga kelele: twende kwa zimwi! Yeye anatia kuni, anarudi kwenye panzi.

Yule panzi, nimekuja kuona, ndiye episodi ya 14. Hakuna anayemhitaji ili hadithi ieleweke. Ila bila yeye hatungejua mtoto ana umri gani anapoanza, wala mama ana hofu kiasi gani kila mlango unapofunguliwa, na Shing'weng'we angekuwa mnyama mkubwa tu kati ya wanyama wakubwa. Alikuwa mkubwa kwa sababu tulimpima kwa panzi.

Na hata baada ya zimwi kuuawa bibi hakumaliza. Masala Kulangwa alipolipasua tumbo watu watoke, kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja mle ndani. Watu wote wanashangilia, ng'ombe wanatoka, na yule bibi kizee amesimama na sikio linavuja damu, amekasirika, anataka kumroga mwokozi wake. Ikabidi dawa itafutwe, sikio litibiwe, waelewane. Nchi nzima imeokolewa na steringi anahangaika na sikio. Naisubiri kampuni itakayotoa episodi nzima ya lile sikio.

Nilirudi Buzuruga Jumamosi. Nikamwambia kijana aingize zote 23, afanye anavyojua. Akazipunguza ubora mpaka zikaenea. Picha ina ukungu sasa, na Joe akisimama mbali, kwenye ile ngazi ya mbele ya nyumba, sura haionekani vizuri, unamjua kwa mabega. Kwaya haijaguswa.